Jinsi ya kuonyesha filamu ya Mungu sebuleni na kujua wageni wako walifikiri nini

Mara ya kwanza nilikosea. Niliwaalika watu kumi na mmoja, nikaonyesha Bruce Almighty, ile filamu ya kuchekesha ya Marekani ambayo mtu anapewa uwezo wa Mungu, mwanzo hadi mwisho, nikawasha taa, nikauliza, "Mmeionaje?" Wakajibu kwa pamoja kama wanafunzi wanaomsalimia mwalimu mkuu: "Nzuri sana, mama, Mungu akubariki." Wakatafuta viatu vyao mlangoni, wakaenda zao. Jumapili baada ya ibada ndipo nikasikia maneno. Mmoja alikuwa amesema nimeonyesha kufuru nyumbani kwangu. Mwingine alilia kimyakimya gizani na hakutaka mumewe ajue. Wa tatu hakuelewa hata chembe kwa nini yule mzungu alikasirika, maana kazi alikuwa nayo, gari alikuwa nalo, na mwanamke alikuwa naye. Hayo ndiyo maoni. Na yote yalinipita, nikabaki na "nzuri sana" na vikombe vya kuosha.

Tangu hapo nimeionyesha mara nne zaidi, kwa watu tofauti, na sasa najua kidogo namna ya kufanya. Naandika kwa yeyote anayetaka kuwakusanya watu wake, awe Goma, Kigoma au huku ughaibuni, aonyeshe filamu inayogusa imani, kisha asikie yaliyomo moyoni mwao badala ya heshima za mlangoni.

Kwanza nijitambulishe, maana itasaidia. Nilizaliwa Uvira. Nimekulia Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi ya wilaya ya Kasulu, Tanzania, iliyofunguliwa 1996, na filamu zangu za kwanza nilizionea huko kwenye kibanda cha video, jenereta ikinguruma nje na kijana ameshika maiki akitutafsiria. Leo naishi Buffalo, jimbo la New York, upande wa magharibi wa mji, jirani na mtaa wa Grant, ambako ukisimama dukani kwa dakika kumi utasikia Kiswahili mara mbili. Usiku nafanya usafi wa maofisi. Jumamosi ni yangu.

Kwa nini filamu hii

Kwa sababu hadithi yake iko Buffalo. Hiyo peke yake iliwaleta watu. Bruce Nolan, anayechezwa na Jim Carrey, ni mwandishi wa habari wa televisheni ya hapa mjini. Kazi yake ni vihabari vya kuchekesha, kama ile biskuti kubwa inayookwa mwanzoni, lakini yeye anataka kukaa mezani asome taarifa ya habari. Nafasi anapewa mwenzake, Evan Baxter, na Bruce anaipata habari hiyo akiwa hewani, kwenye boti chini ya maporomoko ya Niagara. Anatukana mbele ya kamera, anafukuzwa kazi, anapigwa na wahuni kwa kumtetea maskini wa barabarani, gari lake linapata ajali. Usiku huo anamlaumu Mungu kwa sauti: wewe ndiye unayepaswa kufukuzwa. Mungu anamwita. Mungu ni Morgan Freeman. Anampa uwezo wake na masharti mawili tu: usimwambie mtu, na usiguse hiari ya mwanadamu. Halafu Mungu anakwenda likizo.

Ilitoka Mei 2003, ikiongozwa na Tom Shadyac. Iligharimu kama dola milioni 80 na ikaingiza zaidi ya milioni 480 duniani kote. Wachambuzi wa magazeti waligawanyika karibu nusu kwa nusu: wapo waliosema inachekesha mwanzoni kisha inageuka mahubiri, na wapo walioipenda, akiwemo Roger Ebert wa Chicago. Watazamaji wa kawaida hawakuwasubiri, walijaza kumbi. Miaka minne baadaye ikaja filamu ya pili, ya Evan na safina, ghali zaidi ya mara mbili, na haikufika hata nusu ya mapato ya kwanza. Ukitaka kuonyesha moja, onyesha ya kwanza.

Waandae wageni wako kwa jambo moja: mitaa mingi wanayoiona ilipigwa picha California. Jumamosi ya kwanza tulipoteza robo saa watu wakibishana ile kona ni ya mtaa gani. Kijana mmoja anayeendesha gari la mizigo aliapa kwamba anaijua. Haijui. Maporomoko ni ya kweli, na yako kama kilomita 30 kutoka sebuleni kwangu. Hilo liliwafurahisha kuliko mzaha wowote wa Jim Carrey, kwa sababu wawili kati yao wanatandika vitanda katika hoteli za kule.

Kualika

Usialike zaidi ya watu kumi. Wakizidi, watatu watazungumza na saba watatikisa vichwa.

Usimwalike mchungaji pamoja na waumini wake usiku mmoja. Hili nililijua kwa hasara. Mchungaji wetu ni mtu mwema na anapenda kucheka, lakini yeye akiwa kwenye kochi, kila mzaha ulipokuja niliona vichwa vinageuka kwanza kumtazama yeye, kupima kama ruhusa ipo. Akitabasamu, wanacheka. Akinywa chai, wananyamaza. Nilichoandika usiku ule kilikuwa maoni ya mtu mmoja yaliyorudiwa mara tisa. Mwalike siku yake, na wazee wenzake, na mtaona kwamba naye ana mengi.

Waambie mapema, tena kwa maneno wazi, kwamba katika filamu hii mwanadamu anacheza kama Mungu. Usiseme "ni filamu ya kuchekesha ya mambo ya imani" halafu ukawaacha wakute wenyewe. Jirani yangu wa ghorofa ya juu ni mama wa Kisomali aliyekulia Dadaab, kambi ya wakimbizi ya Kenya, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Mara ya kwanza nilimwalika bila kumweleza. Morgan Freeman alipotokea na suti yake nyeupe, nami nikatafsiri kwamba huyu ndiye Mungu, mama yule aliinuka taratibu, akanishika bega, akasema, "Dada, mimi napanda juu, watoto wako peke yao." Watoto wake walikuwa hapo hapo mkekani wanakula sambusa. Aliwachukua, wakapanda. Hakunilaumu hata siku moja, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Kwa Mwislamu, Mwenyezi Mungu hachorwi wala haigizwi, na si suala la mzaha mbaya au mzuri. Misri waliipiga marufuku filamu hii kwa sababu hiyo hiyo, ya kumwonyesha Mungu kama mtu wa kawaida, na Malaysia nayo iliizuia kwanza kabla ya kuiruhusu kwa watu wazima. Siku hizi nampelekea sahani yake ya sambusa juu, na kesho yake ananiuliza walisema nini. Maoni yake ninayo pia, nitayafikia.

Watoto: huku Marekani filamu imewekewa alama ya kuwaonya wazazi wenye watoto chini ya miaka 13, na ni haki. Kuna nyani anayetoka mahali ambapo nyani hatoki. Kuna pale Bruce anapomwongezea mchumba wake, Grace, kifua usiku akiwa amelala. Kuna kitanda. Itazame peke yako kwanza, uandike dakika, rimoti iwe mkononi mwako na si kwa mpwa wako. Mimi yale ya nyani nayaacha, maana wazee ndio wanaoyacheka zaidi, ingawa ukiwauliza watakataa.

Chakula kiliwe kabla. Sambusa zikizunguka wakati wa filamu, utaandika maoni kuhusu sambusa.

Kutafsiri

Hapa ndipo kazi ilipo. Filamu ni ya saa moja na dakika 41. Kwangu inachukua saa mbili na nusu, kwa sababu naisimamisha. Maandishi ya Kiswahili chini ya picha sikuyapata, na hata ningeyapata, bibi wawili kati ya wageni wangu hawasomi. Kwa hiyo ninafanya kama yule kijana wa kibanda cha Nyarugusu: nakaa pembeni ya televisheni na kusema. Ila yeye alikuwa anajitungia. Alimpa kila muuaji jina la mtu wa kambini, na tulimlipa kwa hilo. Wewe usitunge, ukitaka maoni ya filamu na si ya kwako.

Jifunze kuacha. Mbwa anayekaa chooni na kusoma gazeti hahitaji mtafsiri. Bakuli la supu ya nyanya linalogawanyika katikati halihitaji mtafsiri pia. Usiku wa kwanza nilianza kueleza, "Hapa anafanya kama Musa kwenye Bahari ya Shamu," na shangazi mmoja akanikata, "Mwanangu, sisi tulisoma Kutoka kabla hujazaliwa." Walicheka kuliko wazungu wanavyocheka, nina hakika, kwa sababu kwao ile ilikuwa hadithi wanayoiheshimu imefanywa kwa kijiko.

Yanayohitaji kuelezwa ni yale ya dunia, si ya mbinguni. Peja: vijana hawaijui, niliwaambia ni kisimu kinachopokea namba tu, halafu unakwenda kutafuta simu halisi. Jimmy Hoffa: kiongozi wa chama cha wafanyakazi aliyetoweka 1975, mwili wake haujapatikana hadi leo, ndiyo maana Bruce anapouibua ardhini inakuwa habari kubwa. Bila maelezo hayo wageni wangu waliona maiti tu, na kwetu maiti si mzaha. Timu ya Sabres: ni timu ya hapa ya mchezo wa magongo kwenye barafu, haijawahi kutwaa kombe kuu, basi mji unapochanganyikiwa kwa sababu yake, watu wa Buffalo wanacheka kwa uchungu wao wenyewe. Jengo ambalo Mungu anafanyia kazi lina jina linalochezea neno la "aliyepo kila mahali". Nililitafsiri hivyo hivyo, "Kampuni ya Aliyepo Kila Mahali", na likaeleweka.

Kuna msemo wa Bruce wa kufungia habari, kuhusu biskuti inavyovunjika. Ukiutafsiri neno kwa neno, watu watatafuta biskuti. Mimi husema, "Ndiyo dunia, wapenzi watazamaji," na sauti yake ya unafiki naiweka mimi.

Tahadhari moja ndogo kuhusu namba ya simu. Filamu ilipokuwa kwenye kumbi, namba ya Mungu iliyoonekana kwenye peja ilikuwa inatumika kweli katika miji kadhaa ya Marekani, na watu walioimiliki walipigiwa mfululizo na wageni wakimtaka Mungu. Kwenye nakala za nyumbani ikabadilishwa, ikawekwa ya bandia inayoanza na 555. Nilidhani ni hadithi ya kuchekesha hadi nilipomwona mpwa wangu amejificha jikoni anapiga. Nilimuuliza alitaka kusema nini. Alisema, "Nilitaka kusikia tu kama inaita."

Watazame watazamaji

Usikae nao upande mmoja. Weka kiti chako karibu na televisheni, uwageukie. Filamu unaijua tayari. Unaowatazama ni wao. Daftari gotini, kalamu ya risasi ili isikwaruze, na saa. Andika dakika na kilichotokea: wamecheka wote, wamecheka wanaume tu, kimya, mtu kaenda msalani. Mtu akienda msalani wakati Bruce anamwaga hasira zake kwa Mungu, si lazima kibofu kimejaa.

Kicheko ni rahisi kukiandika. Kimya ndicho kigumu, na ndicho chenye mali. Kwangu kulikuwa na vimya viwili ambavyo vimejirudia kila mara, kwa watu tofauti.

Cha kwanza ni pale Mungu anapoonekana akipiga deki. Bruce anaingia kwenye jengo kubwa tupu, anakuta mzee mweusi mwenye nguo za kazi anasafisha sakafu, anamdharau kidogo, na baadaye anagundua kwamba ndiye. Katika sebule yangu, usiku wa pili, walikuwepo watu tisa, na saba kati yao, mimi nikiwemo, tunapiga deki kwa mshahara. Hakuna aliyecheka. Baba mmoja aliyekuwa mwalimu wa fizikia huko Bukavu, ambaye sasa anasafisha sakafu za duka usiku, alivuta pumzi kupitia meno na kusema kwa sauti ya chini kabisa, "Anashika mti vibaya." Alimaanisha Morgan Freeman hajui kushika dekio. Niliandika. Baadaye, wanapodeki pamoja Bruce na Mungu, yule baba aliketi mbele ukingoni mwa kiti kama anayetazama penalti.

Nimesoma maoni mengi ya Wamarekani kuhusu Mungu kuwa Mweusi katika filamu hii, wengi wakisifu sauti yake na utulivu wake. Watu wangu walilitaja hilo kwa sentensi moja tu, "Safi, wamempata", wakarudi kwenye deki.

Kimya cha pili ni cha mafaili. Bruce anaanza kusikia maombi ya watu kichwani kama nyuki, akaamua kuyapanga. Kwanza anayaita yawe mafaili, na nyumba inajaa makabati. Kisha vikaratasi vya kubandika, vinafunika kila kitu hadi yeye mwenyewe. Mwishowe anayafanya kuwa barua pepe, anaandika majibu kwa kasi ya kichaa, na anapomaliza yameingia mengi kuliko aliyojibu. Hapo Wamarekani hucheka, nimewaona kazini kwangu. Wangu walinyamaza wakati makabati yanatokea. Mama mmoja, aliyesubiri kambini kesi yake ya kuhamishiwa nchi nyingine kwa miaka kumi na miwili, akahojiwa mara nne na kuambiwa mara mbili kwamba faili halionekani, alisema, "Kumbe hata kule ni mafaili." Hakuna aliyemjibu. Kisha Bruce anabonyeza ndiyo kwa wote, na mama yule akaruka, "Wewe! Usifanye!"

Kwa nini asifanye? Sikumuuliza wakati ule. Nilisubiri.

Maswali ya kuuliza, na saa ya kuyauliza

Usiwashe taa zote filamu inapoisha. Washa ya jikoni. Mimina chai ya pili, hiyo ndiyo inayowazuia kutafuta viatu. Na usiulize kama filamu ni nzuri. Mgeni aliyekula kwako hawezi kukuambia ni mbaya, kwetu hilo halifanyiki. Usiulize pia "imekufundisha nini", kwani utaletewa shule ya Jumapili.

Uliza juu ya tendo moja, na uulize kama ni haki. Mimi naanza na bahati nasibu. Bruce anapowajibu wote ndiyo, maelfu kwa maelfu wanashinda bahati nasibu siku moja, kila mmoja anaambulia dola 17, na mji unaingia barabarani kwa hasira. Nauliza: "Nani alikosea hapo?" Swali hilo halijawahi kushindwa. Ndipo yule mama wa faili alipoeleza: "Ungekuwa kambini, wote tuambiwe ndiyo usiku mmoja. Ndege iko moja. Tungekanyagana." Mzee mmoja wa Fizi akampinga: bora kukanyagana wenye ndiyo kuliko kukaa miaka bila hata hapana. Walibishana nusu saa. Nilikuwa na kurasa nne. Katika maoni yote ya filamu hii niliyowahi kuyasikia, ya wataalamu na ya wapita njia, hakuna mtu aliyeitazama ile sehemu ya kuchekesha kama swali la foleni.

Swali la pili, ambalo ni la kuchokoza: "Huyu Bruce alikuwa na haki ya kulalamika?" Hapa usitegemee huruma. Mzee yule yule wa Fizi: "Ayubu alipoteza watoto kumi. Huyu kapoteza nini? Kiti cha kusomea habari." Lakini kijana wa gari la mizigo, ambaye alinyimwa cheo kazini, kikapewa mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, alisema uchungu haupimwi kwa mizani ya jirani. Alimwita mzee "baba" mara tatu katika sentensi moja, na hivyo ndivyo unavyojua kijana amekasirika na bado amelelewa vizuri.

La tatu ni la Grace. Bruce anaweza kuusogeza mwezi karibu na dirisha ili mchumba apendezwe (na kesho yake Japani inapigwa na mawimbi, hilo wazee hawakulisamehe), lakini hawezi kumfanya ampende. Anamwamuru Grace ampende, na hakuna kinachotokea. Nauliza wanawake kwanza, wanaume wanyamaze. Lazima uwanyamazishe wewe mwenye nyumba, hakuna atakayekufanyia. Bibi mmoja asiyesema sana, mkwe wa jirani yangu, aliyeolewa na miaka kumi na tano bila kuulizwa, alizungusha kikombe chake na kusema: "Yaani Mungu mwenyewe anaogopa kumlazimisha mwanamke. Na baba yangu hakuogopa." Chai yote ilipoa. Sikuongeza swali jingine usiku ule, na nawe ukifika hapo, usiongeze.

Ugomvi ukitokea, na utatokea, ni kuhusu kufuru. Wapo watakaosema mtu hawezi kuigiza Mungu kwa mzaha, hata kama mwisho wake ni mwema. Usijibu, wewe si wakili wa filamu. Muulize mtu huyo dakika ipi ilimuumiza. Mara nyingi si ile uliyodhani. Dada mmoja wa kwaya aliyesema filamu nzima ni kufuru, nilipomuuliza dakika, alisema ni pale Bruce alipotupa shanga za maombi ziwani, kwa sababu alipewa na watoto. Shanga, si Morgan Freeman. Hapo mazungumzo yakawa mengine.

Kuandika

Andika usiku huo huo kabla ya kuosha vyombo. Nimejaribu kusubiri asubuhi, na asubuhi kila mtu anakuwa amesema kwa Kiswahili changu. Andika maneno yao yalivyo, na lafudhi: wa Uvira kama wa Uvira, wa Kigoma kama wa Kigoma, na Kifaransa kilichochomekwa kibaki. Weka umri, kazi, na kama amewahi kuiona kabla. Majina usiweke, hata kama daftari halitoki nyumbani. Mimi natumia alama: kikombe, kofia, deki, faili.

Usimsahau aliyeondoka. Jirani yangu wa juu hajawahi kuona zaidi ya dakika thelathini, na maoni yake yana ukurasa wake. Nilimsimulia hadithi yote siku moja tukikunja nguo kwenye mashine za kufulia za chini. Alisikiliza hadi mwisho, pale Bruce anapochoka kuomba vyake na kuomba tu Grace awe na furaha, hata bila yeye. Alisema, "Hiyo dua ni nzuri. Wangeifanya bila kumwonyesha." Niliandika, na bado nadhani ni uchambuzi mkali kuliko mingi iliyolipiwa.

Na daftari lisifungwe haraka. Maoni huchelewa. Wiki tatu baada ya usiku wa pili nilikuwa kituo cha basi saa kumi na moja na nusu asubuhi, natoka kazini, theluji imefika kwenye vifundo, na yule mwalimu wa fizikia amesimama pembeni yangu na mfuko wake wa chakula. Tulisalimiana, tukanyamaza kama watu waliosimama usiku kucha. Kisha akaanza, bila kutaja filamu, kana kwamba tulikuwa tumeachia hapo jana.

"Dada, yule mzee wa deki. Aliacha kazi zote kwa mwingine, akaenda likizo."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mimi nina miaka sita hapa." Akahesabu kwa vidole, na glavu. "Nilichokitazama mimi ni hicho. Hayo mengine ni ya watoto."

Basi likaja. Nilikaa kiti cha nyuma, nikavua glavu kwa meno, nikaandika.